Kivu Kusini: Pikapu ikivaa matairi makubwa, ponti nayo ihesabiwe

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimechachamaa. Kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kati ya Burhale na Mwenga, pikapu ya kaka yangu mkubwa ilishindwa katikati ya mlima. Ilikuwa imebeba unga, mchele na sabuni za mama wauzaji wa Kamituga, na wawili kati ya mama hao walikuwa wameketi juu ya mizigo. Kaka aliuanza mlima kwa vitesi ya pili, kama alivyozoea kwa miaka mingi. Injini ikaanza kulemewa. Akashusha hadi ya kwanza, akawa anashikilia ambreyaji nusunusu ili gari isizime, na baada ya mita chache harufu ya kuungua ikajaa. Kisha gari ikasimama. Mara ikaanza kurudi nyuma.

"Patro, inarudi!" konvoyeri alipiga kelele, akaruka chini na gogo lake na kulisukuma nyuma ya tairi. Gari ikatulia. Upande wa kushoto kulikuwa na bonde refu. Hakuna aliyeumia, lakini mama mmoja alishuka na kuapa kwamba mlima huo ataumaliza kwa miguu yake.

Cha kushangaza ni kwamba siku kumi kabla ya hapo gari hiyo ilikuwa imefanyiwa kazi ya kuisaidia kupita kwenye matope. Ilikuwa imevishwa matairi mapya, makubwa kuliko ya kwanza. Injini ilikuwa ileile, dereva yuleyule, na mzigo ule uliozoeleka. Kilichobadilika ni matairi tu, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Kwa nini madereva wanapenda matairi makubwa

Yeyote aliyesafiri kutoka Bukavu hadi Kamituga, safari ya karibu kilomita 180, anajua sababu. Malori mazito yanachimba mifereji miwili barabarani, na katikati yake kunabaki mgongo wa udongo. Pikapu inapopita hapo, kitu cha kwanza kugusa udongo huo ni ponti ya nyuma, ule mfupa wa chuma unaounganisha magurudumu mawili na wenye tumbo la duara katikati. Ponti ikikaa juu ya mgongo huo, magurudumu yanazunguka bure.

Kuinua bodi kwa springi ndefu hakuondoi shida hii, kwa sababu ponti inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinua ponti ni tairi peke yake, na inainuka kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Hilux ya kaka ilikuwa na matairi ya 205R16, yenye kimo cha karibu milimita 743. Alinunua ya 285/75R16, yenye kimo cha milimita 834. Tofauti ni milimita 91, hivyo ponti ilipanda kwa sentimita 4 na nusu hivi. Kwenye matope ya Mwenga, sentimita hizo zina thamani kubwa. Kaka hakukosea kuzitafuta. Alikosea kudhani kwamba zinapatikana bure.

Kinachofanyika ndani ya ponti

Ndani ya lile tumbo la duara kuna meno ya aina mbili. Mtaimbo unaotoka kwenye bwati ya vitesi unaishia kwenye gia ndogo ambayo mafundi wetu wanaiita pinyo. Pinyo inazungusha gia kubwa inayoitwa kuroni, na kuroni ndiyo inayozungusha magurudumu. Kama kuroni ina meno 41 na pinyo ina meno 10, mtaimbo unalazimika kuzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hesabu hiyo, 41 kugawanywa kwa 10, ndiyo uwiano wa ponti.

Uwiano mkubwa, kama 4.88, unamaanisha injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gari inakuwa na nguvu ya kuvuta, lakini haikimbii sana. Uwiano mdogo, kama 3.73, unafanya kinyume chake. Anayepanda baiskeli anaelewa haraka: mlimani unatafuta gia nyepesi inayokuzungushia miguu mara nyingi, kwenye tambarare unatafuta ile nzito.

Tairi kubwa linafanya kazi ileile ya kubadilisha gia ya baiskeli kuelekea upande mzito. Tairi la milimita 743 likizunguka mara moja, gari inasonga mita 2.33. Lile la milimita 834 linaisogeza mita 2.62. Kila mzunguko sasa unadai kazi zaidi, na hakuna aliyeiongezea injini nguvu. Katika mfano huu, nguvu ya kusukuma inayofika ardhini ilipungua kwa asilimia 11 hivi katika kila vitesi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa gari inayotembea Kinshasa bila mzigo, asilimia 11 inaweza isionekane. Huku kwetu hali ni tofauti. Maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima inaanzia hapo kwenda juu. Injini ya mazutu isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa inapungua. Kwa hiyo pikapu ya aina hiyo inapoondoka Bukavu tayari imepungukiwa na karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Ongeza mzigo, ongeza matope, kisha uipokonye asilimia 11 nyingine. Utaelewa kwa nini vitesi ya pili ilishindwa pale ilipozoea kushinda, na kwa nini ambreyaji iliungua.

Kipima mwendo nacho kinadanganya

Kuna hasara nyingine isiyopiga kelele. Kipima mwendo cha gari nyingi kinahesabu mizunguko, hakijui kwamba matairi yamekua. Kwenye gari ya kaka, kilipoonyesha kilomita 60 kwa saa, mwendo wa kweli ulikuwa 67. Na safari ya kilomita 180 iliandikwa kama 160. Kaka alikuwa analalamika kwamba gari imeanza kunywa mazutu kupita kiasi. Sehemu ya malalamiko hayo ilitokana na hesabu ya kilomita ambazo gari ilitembea bila kuziandika. Tarehe ya kubadilisha mafuta ya injini nayo inachelewa kwa namna hiyohiyo.

Hesabu ya kuchagua uwiano

Hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. Chukua uwiano wa ponti uliopo, zidisha kwa kimo cha tairi jipya, kisha gawanya kwa kimo cha tairi la kwanza. Kwa gari ya kaka: 4.10 mara 834, gawanya kwa 743. Jibu ni 4.60.

Kuroni na pinyo ya 4.60 kamili si rahisi kuipata sokoni. Kwa ponti za Toyota, zinazopatikana zaidi ni 3.73 (meno 41 kwa 11), 3.91 (43 kwa 11), 4.10 (41 kwa 10), 4.30 (43 kwa 10), 4.56 (41 kwa 9), 4.88 (39 kwa 8) na 5.29 (37 kwa 7). Unachagua iliyo karibu na jibu lako, hapa ni 4.56.

Angalia mzunguko wa injini gari ikiwa katika mwendo wa kweli wa kilomita 60 kwa saa, kwa vitesi ya nne inayopitisha mzunguko moja kwa moja bila kuupunguza. Na matairi ya kwanza na ponti ya 4.10, injini ilikuwa inazunguka mara 1,760 kwa dakika hivi. Baada ya kuvaa matairi makubwa ilishuka hadi 1,565. Ikiwekwa 4.56 inarudi 1,740, karibu kabisa na ilipokuwa. Ikiwekwa 4.88 inafika 1,860.

Sasa linakuja swali la kuchagua. Mwenye kubeba mzigo kila siku na kupanda milima anaweza kwenda juu kidogo ya jibu la hesabu. Mwenye kukimbia barabara ya lami anaweza kubaki chini kidogo. Lakini kila kitu kina bei yake. Ponti ya 4.88 au 5.29 itaifanya injini ilie kwenye barabara nzuri na kula mazutu bure. Isitoshe, uwiano unavyopanda ndivyo pinyo inavyopungua meno na unene. Pinyo ya meno 7 haina mwili wa pinyo ya meno 10, na mwenye mguu mzito kwenye mawe anaweza kuivunja.

Kwa tofauti ndogo ya kimo, asilimia 3 au 4, hakuna haja ya kugusa ponti. Ikifika asilimia 8 na kuendelea, hasa kwa gari ya mzigo, hesabu inakuwa ya lazima.

Kwanza jua ulichonacho

Magari mengi tunayoyatumia yamefika yakiwa yameshatembea nchi nyingine, na mengine yamewekewa ponti ya gari nyingine njiani. Toyota huandika alama ya ponti kwenye kibati kidogo cha utambulisho, kwenye mstari wenye herufi A/TM. Ni mwanzo mzuri, lakini kibati hakijui kilichobadilishwa baadaye.

Njia ya uhakika ni kuhesabu. Gari iwe mahali tambarare, mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, kwa sababu breki ya mkono itafunguliwa. Vitesi iwe huru, gia ya magurudumu ya mbele iwe imetolewa. Inua gurudumu moja la nyuma, tia alama ya chaki kwenye gurudumu na kwenye mtaimbo. Zungusha gurudumu hilo mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya mtaimbo. Ukizunguka mara 4 na kidogo tu, una 4.10. Ukipita 4 na nusu kwa nywele, una 4.56. Ukikaribia 5, ni 4.88. Hesabu hii ni ya ponti ya kawaida, isiyo na kifungo cha kuunganisha magurudumu mawili.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza

Baada ya tukio la mlimani, kaka alipeleka gari kwenye garaji moja. Fundi alielewa tatizo na akapata kichwa cha ponti cha 4.56 kilichotumika. Akakifunga nyuma. Mbele akaacha 4.10, kwa maelezo kwamba nyuma ndiko kunakovuta mzigo na kwamba mbele kunaweza kusubiri pesa.

Kwa wiki tatu gari ilipanda vizuri, na kaka alimsifu fundi huyo kwa kila mtu. Kisha siku moja aliingiza magurudumu yote manne ili kupita kwenye matope, akasahau kutoa alipofika kwenye mawe makavu. Baada ya muda usukani ukawa mgumu, ukasikika mlio kama wa nyundo, na kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma kikapasuka. Mafuta yakamwagika barabarani. Gari ilivutwa na lori hadi Bukavu, na gharama yake ikapita bei ya kubadilisha ponti mbili.

Hesabu inaeleza. Gia ya magurudumu yote ikiingizwa, mtaimbo wa mbele na wa nyuma vinalazimishwa kuzunguka sawasawa. Mbele kukiwa na 4.10 na nyuma 4.56, kila mara magurudumu ya nyuma yakienda mita 100, ya mbele yanataka kwenda mita 111. Kwenye matope magurudumu yanateleza na tofauti inapotea. Kwenye ardhi ngumu hayana pa kuteleza, na kitu fulani lazima kivunjike. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza kwa gari ya magurudumu manne haina msamaha: ukibadilisha nyuma, badilisha na mbele, kwa uwiano mmoja. Matairi nayo ni hivyohivyo. Mawili makubwa nyuma na mawili madogo mbele yanaleta vita ileile.

Kama pesa haitoshi, ni salama zaidi kusubiri na kurudisha matairi ya zamani. Na kama tayari nyuma pamebadilishwa peke yake, gia ya mbele isiguswe kabisa hadi siku ponti zote zitakapolingana.

Kazi ya fundi

Gari ilipokelewa na fundi mmoja mzee wa Kadutu. Alisikiliza maelezo yote, kisha akamuuliza kaka swali moja: "Mkubwa, ulihitaji kimo au ulihitaji upana?"

Swali hilo lilibadilisha mpango mzima. Matairi ya 285 ni mapana na mazito, na yalikuwa yamefungwa kwenye rimu nyembamba zisizoyafaa. Fundi alishauri 235/85R16, tairi jembamba lenye kimo cha milimita 806. Linapoteza sentimita moja na nusu tu ya kimo cha ponti ukilinganisha na lile kubwa, na ni jepesi zaidi. Hesabu: 4.10 mara 806, gawanya kwa 743, jibu 4.45. Uwiano wa 4.30 ungekuwa mdogo. Ule wa 4.56 ungezidi kidogo, na kwa gari ya mzigo kwenye milima hiyo ndiyo ziada inayotafutwa. Kichwa cha nyuma kilikuwepo tayari. Kikatafutwa cha mbele cha 4.56. Matairi mapana yakauzwa, na pesa yake ikalipa sehemu ya kazi.

Kwenye Hilux za aina hiyo, kichwa cha ponti ya nyuma kinatoka kizima baada ya kuvuta eksi mbili, hivyo njia rahisi ni kupata vichwa viwili kamili kutoka kwenye gari moja, vilivyozoeana na meno yake. Anayenunua kuroni na pinyo mpya ajue kwamba zinauzwa kwa jozi na hazitenganishwi. Kuroni ya jozi moja na pinyo ya jozi nyingine zitalia na kulana.

Kazi ya kufunga jozi mpya inadai subira. Fundi anapaka rangi kwenye meno na kuzungusha ili aone yanapogusana. Mguso unatakiwa uwe katikati ya jino, si kwenye ncha wala kwenye mzizi. Nafasi kati ya meno inapimwa kwa saa maalumu, kwa sehemu ndogo za milimita. Fundi anayepima nafasi hiyo kwa kutikisa kwa mkono peke yake anabahatisha pesa zako. Ponti ijazwe mafuta yake, yenye alama GL-5, na safari za kwanza ziwe fupi, bila mzigo mzito, ili meno yapate joto na kupoa kabla ya kazi. Ukisikia mlio wa kuomboleza unapokanyaga mafuta au unapoachia, rudi kwa fundi mara moja.

Yasiyotibiwa na ponti

Uwiano sahihi unarudisha nguvu ya kupanda, na pia unarudisha uwezo wa injini kushikilia gari kwenye mteremko. Lakini haurudishi breki. Tairi kubwa ni kama mkono mrefu unaoishinda breki. Kwa kukanyaga kulekule, gari inapungukiwa na nguvu ya kusimama, na hilo linabaki hata ponti ikibadilishwa. Breki zikaguliwe, na umbali kati yako na gari ya mbele uongezwe. Mpira wa usukani na beringi za magurudumu navyo vinachoka mapema zaidi.

Wala ponti haiongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba. Pikapu iliyotengenezwa kubeba tani moja itabaki ya tani moja hata ikivaa matairi ya trekta. Hilo ni neno chungu kwa wanaoishi kwa mizigo, lakini mama wanaoketi juu ya mifuko wana haki ya kulisikia.

Kabla ya kulipia matairi makubwa, mwenye gari ajiulize mambo manne. Nina uwiano gani sasa, nimeuhesabu au nimeambiwa tu? Kimo kitaongezeka kwa asilimia ngapi? Nina pesa ya ponti mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa pamoja? Na breki zangu ziko katika hali gani? Akikosa jibu la moja kati ya hayo, matairi yabaki dukani kwanza.

Gari ya kaka imerudi kwenye njia ya Kamituga. Kwenye mlima ule inapanda kwa vitesi ya pili kama zamani, polepole, bila harufu. Mama aliyeapa kutembea amerudi kupanda, ila sasa anaketi mbele. Konvoyeri bado anatembea nyuma ya gari mlimani, na gogo lake liko begani. Kaka alimwambia anaweza kuliacha nyumbani. Alikataa.